Machimbo ya urani: Wapimwe watu kabla ya mawe

MAJUZI alifika katika kliniki yangu hapa Nairobi kijana mmoja, dereva wa malori makubwa, akiwa ameandamana na mkewe. Mkononi alishika fomu ya kupimwa afya. Alisema wakala mmoja amemwambia kwamba huenda akapata kazi kusini mwa Tanzania, mahali panapotarajiwa kuchimbwa madini ya urani.

Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu. Ilinitaka nimpime macho, masikio, shinikizo la damu na mkojo, kisha nitie sahihi na mhuri kwamba ni mzima wa kufanya kazi. Picha ya kifua haikutajwa popote.

Nilipokuwa nikimpima, mkewe aliniuliza: "Daktari, ni kweli kwamba mwanamume akikaa karibu na madini hayo hapati tena watoto?" Kijana alicheka, lakini niliona kwamba hata yeye alitaka kusikia jibu.

Swali la mama huyu nitalijibu hapa chini. Lakini walipokwenda zao nilibaki na swali langu mwenyewe. Iwapo kijana huyu ataugua kifua miaka 25 kutoka sasa, ni nani atakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba leo alikuwa mzima?

MRADI WA MKUJU

Mradi unaozungumziwa uko karibu na mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Madini hayo yamo ndani ya mawe ya mchanga, na mpango wa awali ulikuwa kuyachimba kwa shimo kubwa la wazi.

Kampuni ya Mantra kutoka Australia ndiyo iliyofanya utafiti wa kwanza. Mwaka wa 2011 ilinunuliwa na kampuni ya Urusi iliyo chini ya shirika la nuklia la Rosatom. Mwaka wa 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous usogezwe ili eneo hilo, lisilofika asilimia moja ya pori lote, litolewe nje. Leseni maalumu ya kuchimba ilitolewa mwaka wa 2013.

Kisha mambo yakalala. Tangu ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, mwaka wa 2011, bei ya urani ilikuwa imeanza kuporomoka. Ratili moja iliyouzwa zaidi ya dola 130 mwaka wa 2007 ilikuwa chini ya dola 20 mwishoni mwa 2016. Mwanzoni mwa 2024 bei ilipanda tena ikapita dola 100, na mwaka wa 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua kiwanda cha majaribio huko Namtumbo. Ndipo wakala wa kijana wetu naye akaamka.

Kabla ya mgodi kama huu kuanza hufanyika kazi inayoitwa upembuzi yakinifu. Wataalamu hupiga hesabu: madini ni kiasi gani, yako kina gani, maji na umeme vitatoka wapi, barabara itapita wapi, na bei ikianguka itakuwaje. Mwishowe hutoa jibu kama mradi unalipa au haulipi.

Mimi si mhandisi wala mhasibu. Lakini kama daktari naona kwamba hesabu hiyo mara nyingi husahau kitu kimoja, nacho ni mwili wa binadamu jinsi ulivyokuwa kabla ya baruti ya kwanza kulipuliwa.

NI MAWE MENGI, URANI KIDOGO

Kwanza msomaji aelewe ukubwa wa kazi yenyewe. Katika migodi mingi ya wazi barani Afrika, tani moja ya mawe haina hata nusu kilo ya urani. Katika mgodi wa Rössing nchini Namibia, uliofunguliwa mwaka wa 1976, ni kama gramu 300 tu kwa tani. Shimo la huko lina urefu wa kilomita 3 hivi na kina cha mita zaidi ya 300.

Sasa piga hesabu. Kuhusu Mkuju kumetajwa tani 3,000 za urani kwa mwaka. Ikiwa kila tani ya mawe ina gramu 300, basi kila mwaka itabidi kusagwa mawe yapatayo tani milioni 10, mbali na kifusi cha juu kitakachoondolewa ili kuyafikia.

Mawe hayo husagwa na kuloweshwa kwa kemikali, aghalabu asidi ya salfa, ili urani itoke. Kinachouzwa ng'ambo ni unga uliojazwa katika mapipa. Kinachobaki Namtumbo ni tope.

Na hapa ndipo wengi hudanganyika. Hudhani kwamba urani ikishatolewa, tope lililobaki ni salama. Ukweli wa mambo ni kwamba takriban asilimia 85 ya miale iliyokuwa katika mawe hayo hubaki kwenye tope.

Sababu yake ni hii. Urani huvunjika polepole mno na kuzaa vitu vingine, kimoja baada ya kingine: thoriamu, radiamu, na gesi isiyo na rangi wala harufu iitwayo radoni. Kiwanda huchukua urani na kuwaacha watoto wake. Radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Thoriamu iliyo katika ukoo huo huchukua miaka ipatayo 75,000.

MADHARA KATIKA MWILI

Madhara ninayoyahofia ni ya namna tatu.

La kwanza ni saratani ya mapafu. Radoni ikivutwa, vumbi lake hunata ndani ya mapafu na kuyachoma kwa miale. Jambo hili si geni. Mwaka wa 1879 madaktari wawili wa Kijerumani, Härting na Hesse, walieleza kwamba wachimba migodi wa Schneeberg walikuwa wakifa kwa uvimbe wa mapafu. Mwaka wa 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka radoni katika orodha ya vitu ambavyo kwa hakika husababisha saratani kwa binadamu.

Hata hivyo, tuseme kweli. Radoni hudhuru zaidi katika mahandaki ya chini ya ardhi yasiyo na hewa. Katika shimo la wazi upepo huitawanya, na hatari yake hupungua sana. Anayesema kwamba mgodi wa wazi ni sawa na mahandaki ya zamani anawatisha watu bure. Lakini wakati wa alfajiri tulivu, upepo ukiwa umelala, gesi hiyo hutuama shimoni. Aidha, mvutaji sigara aliye katika kazi hii hujiongezea hatari maradufu.

La pili ni vumbi lenyewe. Mawe ya mchanga yana silika, ambayo ikivutwa kwa miaka mingi hutia makovu mapafuni. Ugonjwa huo huitwa silikosisi, na hauna dawa ya kuuponya. Mwenye silikosisi pia hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mtu mwingine. Kwa maoni yangu, katika shimo la wazi vumbi hili linastahili kuogopwa kama miale inavyoogopwa.

La tatu ni maji. Urani ikinywewa huumiza figo, na huumiza kwa sumu yake ya kikemikali, kama vile risasi au zebaki, kabla hata ya kufikiria miale. Ndiyo sababu Shirika la Afya Ulimwenguni limependekeza maji ya kunywa yasiwe na zaidi ya maikrogramu 30 za urani kwa lita.

Sasa nije kwa swali la mama. Kiasi cha miale kinachoweza kumfanya mwanamume awe tasa ni kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachoruhusiwa mgodini. Kipimo cha miale huitwa milisivati. Kila mmoja wetu duniani hupata wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Mfanyakazi wa miale anaruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka, na raia wa kawaida asiongezewe zaidi ya 1. Mgodi ukifuata viwango hivyo, mama asihofie uzazi wa mumewe.

Afadhali ahofie nguo zake. Katika ardhi ya Wanavajo, Marekani, wachimbaji walirudi nyumbani na mavazi yaliyojaa vumbi, na wake zao wakayafua pamoja na nguo za watoto. Wengine walijengea nyumba zao mawe waliyookota machimboni.

WALIOKUWA NA FAILI NA WASIOKUWA NAZO

Wanavajo hao wana somo kubwa kwetu. Kati ya 1944 na 1986 karibu tani milioni 30 za mawe ya urani zilichimbwa katika ardhi yao, na zaidi ya migodi 500 ikaachwa wazi. Saratani ilipoanza kuwaua wanaume, makampuni mengi yalikuwa yamekwisha kufunga milango.

Mwaka wa 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia. Lakini mjane alitakiwa alete kumbukumbu za kazi ya mumewe na cheti cha ndoa. Wengi walikuwa wameoana kimila, na wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Walihangaika miaka na mikaka.

Linganisha na Ujerumani Mashariki. Kampuni ya Wismut ilichimba urani huko tangu 1946 hadi 1990, na katika miaka ya mwanzo wafanyakazi waliumizwa vibaya sana. Lakini orodha za kazi na mafaili ya madaktari yalihifadhiwa. Kwa sababu hiyo watafiti wameweza kufuatilia afya ya wanaume wapatao 59,000, na maelfu ya wagonjwa wakatambuliwa kwamba waliugua kutokana na kazi. Kusafisha maeneo hayo kumegharimu serikali zaidi ya Yuro bilioni 6.

Mnaona tofauti? Maradhi yalikuwa yale yale. Waliokuwa na faili walisikilizwa mapema, na wasiokuwa nazo waliambiwa walete ushahidi.

Nami nina mgonjwa ambaye sitamsahau. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu mzee mmoja aliyekuwa amevunja mawe ya ujenzi katika timbo moja kwa miaka 19. Mara mbili alikuwa ametibiwa kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonekana na viini. Picha ya kifua ilionyesha makovu ya silikosisi. Alipomwendea mwajiri wake wa zamani aliulizwa: "Utathibitishaje kwamba hukuja hapa ukiwa tayari mgonjwa?"

Hakuweza kuthibitisha. Siku alipoandikwa kazi hakupigwa picha. Mzee huyo alifariki bila kupata hata senti moja.

Hii ndiyo hila ya maradhi ya machimboni. Silikosisi huhitaji miaka 10 au zaidi kujitokeza. Saratani ya mapafu huweza kuchukua miaka 20 au 30. Migodi, kwa upande wake, haikai sana. Mgodi wa Kayelekera huko Malawi, karibu na Ziwa Nyasa, ulianza mwaka wa 2009 na kusimamishwa mwaka wa 2014 kwa sababu ya bei, hadi ulipofufuliwa mwaka wa 2025. Ugonjwa unapobisha hodi, huenda waliochimba wamekwisha kuuza mgodi kwa mwingine, na huyo kwa mwingine.

MVUA NA MITO

Kuna jambo jingine ambalo upembuzi yakinifu haupaswi kulipita juu juu. Rössing iko jangwani, ambako mvua ni tukio la kutazamwa. Mkuju iko katika nchi ya masika ya kweli, na maji yake huelekea bonde la mto Rufiji. Chini ya mto huo kuna bwawa la umeme la Julius Nyerere, la megawati 2,115, na mbele zaidi kuna wavuvi na wakulima wa mpunga hadi delta inayotazamana na kisiwa cha Mafia.

Kwa hivyo tope la mgodi lazima lizuiwe na ukuta usiovuja wala kubomoka, kwa miaka na miaka. Tarehe 16 Julai 1979, ukuta wa namna hiyo ulibomoka huko Church Rock, Marekani. Zaidi ya lita milioni 350 za maji ya asidi yenye miale zilimwagika katika mto Puerco, ambao Wanavajo walinyweshea mifugo yao.

Huko Australia, mgodi wa Ranger uliacha kusindika urani mwaka wa 2021. Sharti lake ni kwamba tope litengwe na mazingira kwa muda usiopungua miaka 10,000. Gharama ya kupasafisha mahali hapo imekadiriwa kupita dola bilioni 2 za Australia, na makadirio ya awali yalikuwa chini ya nusu ya hizo. Ikiwa nchi tajiri imekosea hesabu kiasi hicho, sisi tusijifanye mahodari.

MASWALI YA DAKTARI

Je, nasema mgodi usichimbwe? La, sisemi hivyo. Urani huendesha vinu vya umeme visivyotoa moshi, na Namtumbo inahitaji barabara, ajira na hospitali. Kijana wangu naye ana watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba upembuzi usiojibu maswali yafuatayo haujakamilika, hata kama hesabu za fedha zimenyooka.

Je, visima na mito ya vijiji vya karibu imepimwa urani na radiamu kwa misimu yote, kiangazi na masika, kabla ya kuchimba? Je, imejulikana ni watu wangapi huko tayari wana kifua kikuu, maradhi ya figo au saratani? Je, kila mfanyakazi, pamoja na kibarua wa siku na dereva aliyeletwa na wakala, atapigwa picha ya kifua siku ya kwanza na atavaa kifaa cha kupima miale?

Je, mafaili hayo yatatunzwa na nani kwa miaka 30 baada ya mgodi kufungwa? Na je, fedha za kufukia, kulinda ukuta na kutibu wagonjwa zimewekwa kando tangu mwanzo, mahali ambapo kampuni ikifilisika haziwezi kuguswa?

Vipimo hivyo vya mwanzo haviwafai wanakijiji peke yao. Vinamfaa mwekezaji pia. Ikiwa maji yalikuwa na urani ya kiasili kabla yeye hajafika, vipimo vitamwondolea lawama. Asiyetaka kupima anatupa sababu ya kumshuku.

Nasi Wakenya tusidhani haya ni ya jirani. Kilima cha Mrima huko Kwale kina madini adimu pamoja na thoriamu, na ardhi yake hutoa miale ya kiasili zaidi ya kawaida. Siku mtu atakapokuja kukichimba, tutajuaje ni ipi miale ya Mungu na ni ipi ya mwekezaji? Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliotiwa sumu ya risasi na kiwanda, walishinda katika Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024 baada ya miaka mingi ya kesi. Damu yao ilipimwa baada ya watoto kuugua.

USHAURI

Iwapo wewe au jamaa yako mnakwenda kufanya kazi katika machimbo yoyote, yawe ya urani, ya dhahabu au ya mawe ya ujenzi, fanya haya:

Piga picha ya kifua kabla ya kwenda, na uihifadhi nyumbani kwako. Usimwachie mwajiri nakala ya pekee. Miale ya picha hiyo ni kidogo sana, haifiki sehemu moja ya kumi ya milisivati.

Weka nakala ya barua ya kazi na ya kila cheti cha malipo. Kila mwaka dai upewe kwa maandishi kipimo chako cha miale na cha vumbi. Ni haki yako.

Usile wala kuvuta sigara mahali pa kazi. Oga na ubadilishe nguo kabla ya kwenda nyumbani, na nguo za kazi zifuliwe huko huko. Usiokote mawe ya machimboni kujengea.

Ukikohoa zaidi ya wiki 2, ukitoa damu au ukipungua uzito, mwone daktari na umweleze ulifanya kazi gani, hata kama ni miaka 20 iliyopita. Sisi madaktari tuna kosa la kusahau kuuliza.

Kijana wangu nilimwita tena siku ya pili. Nilimwambia sitatia sahihi fomu mpaka apigwe picha ya kifua, ingawa haikutakiwa. Alinung'unika kuhusu gharama, na sikumlaumu. Mkewe ndiye aliyetoa pesa.

Picha ilikuwa safi. Niliandika tarehe, nikapiga mhuri, nikaitia katika bahasha ya kaki. Nilimpa mama aishike yeye, nikamwambia aiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto na asiitoe kwa mtu bila kubaki na nakala. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mzee wangu wa timbo hakuwahi kupewa bahasha kama hiyo.